Pete Isiyoujua Mlima Kwaraa

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa naanua nguo. Kwetu Maisaka, hapa Babati, kamba ya nguo imefungwa kutoka kwenye mlimao hadi kwenye nguzo ya choo, na ukisimama pale na shuka mikononi unaiona Kwaraa yote, kuanzia mashamba ya mbaazi ya chini hadi kwenye mawingu yake. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Mbulu lakini giza lilikuwa bado halijakolea. Nikaona nuru inatembea. Haikuwaka na kuzima kama ndege. Haikuwa na sauti. Ilitokea upande wa ziwani, ikapanda polepole, ikapita juu kati yetu na Kwaraa, ikaanza kushuka kuelekea barabara ya Arusha. Kabla haijafika chini ikafifia yenyewe, kama mtu amepunguza utambi wa chemli.

Mama akaita kutoka jikoni: "Hizo nguo unazianua au unazishona?"

"Nimeona nyota inatembea, mama."

"Na wewe tembea. Umande unashuka."

Kaka yangu ndiye aliyenijibu vizuri. Yeye anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, na kwa sababu hiyo anajiona anajua kila kitu kinachotumia umeme. "Hiyo siyo nyota, hicho ni kituo cha anga," alisema. "Kuna watu mle."

"Watu?"

"Watu kabisa. Wanakula, wanalala, wanapiga mswaki. Wewe unaanua nguo, wenzako wanakupita juu kwa kasi mpaka hawakuoni."

Nilicheka, lakini usiku huo kabla ya kulala nilijiuliza jambo ambalo hakulijibu. Ile nuru inajuaje pa kupita?

Hapa inabidi nijieleze kidogo. Mimi siongei. Siyo kwamba siwezi. Nyumbani naongea, na kwenye shajara naandika mpaka kidole kinapata sugu. Lakini darasani mwalimu akinitaja jina, sauti inakwama, masikio yanapata moto, na kila ninachokijua kinakimbia kama kuku waliotupiwa jiwe. Mwenzangu wa dawati, ambaye pia ni jirani yetu, ananiita Bubu. Nadhani ananiita kwa upendo. Yeye anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Mwalimu akiniuliza swali, yeye anajibu, "Mwalimu, anasema hajui," hata kama najua.

Tulikuwa kidato cha pili, na mwaka unaofuata ungekuwa wa kuchagua masomo. Mwalimu wetu wa fizikia ni mtu mrefu, mpole, anayevaa sweta hata jua likiwaka, na alikuwa na tatizo moja: waliotaka fizikia walikuwa wengi kuliko viti vya maabara. Basi siku moja akafuta ubao, akageuka, akatuambia utaratibu wake.

"Kila anayetaka kuendelea na mimi kidato cha tatu atasimama hapa mbele Jumatatu, wiki mbili kutoka leo, na kueleza jambo moja alilolichunguza mwenyewe. Hakuna kusoma karatasi. Kiswahili ruksa, sitaki mtu ajifiche nyuma ya Kiingereza. Ukisimama ukakaa kimya, nakupeleka kwenye masomo ya biashara, na wala sikuchukii."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka fizikia, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Masomo mengine nikinyamaza ninakuwa nimenyamaza tu, lakini kwenye fizikia nikinyamaza kuna kitu kinaendelea kichwani. Na sasa njia pekee ya kubaki nacho ilikuwa kufungua mdomo mbele ya watu.

"Bubu," mwenzangu alininong'oneza, "utafanyaje? Utaandika hewani?"

"Sijui."

"Njoo biashara na mimi. Huko unauza, unanyamaza, mteja ndiye anayeongea."

Nilijua papo hapo nitaeleza nini, maana lile swali la nuru lilikuwa limekaa kichwani wiki nzima. Na lilikuwa limezaa lingine. Kama mtu akitaka kumweleza njia ile mtu mwingine ambaye hajawahi kusimama chini ya kamba yetu, anamwelezaje? Huku kwetu kila kitu kinaelezwa kwa Kwaraa. Mama akimwelekeza mgeni kwa simu anasema, "Ukishuka stendi ipe Kwaraa uso, kisha shika njia ya mkono wa kushoto mpaka mashine ya kusaga." Angani hakuna mashine ya kusaga.

Jumapili baada ya ibada nikamwomba kaka simu.

"Usimalize bando," alisema. "Na usifungue meseji zangu."

"Sina haja na meseji zako."

"Ndiyo maana nakuazima wewe."

Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikatafuta. Nilipata ukurasa uliojaa Kiingereza na michoro ya mistari inayokatana, na chini yake habari ambayo mwanzoni sikuiamini: njia ya chochote kinachoizunguka dunia, iwe kituo cha watu au kipande cha chuma kilichoachwa, inaelezwa kwa namba sita. Sita tu. Mimi nilidhani zingekuwa elfu.

Majina yake yalikuwa marefu, na nilipoyatamka kwa sauti kuku walinitazama, kwa hiyo nikayapa majina yangu. Namba mbili zinasema njia yenyewe ikoje: moja ni ukubwa wake, nyingine inasema ni duara safi au imevutika kama yai. Namba ya sita inasema msafiri yuko wapi njiani kwa saa hiyo. Hizo zilinipita kirahisi. Zilizonikamata ni tatu zilizobaki, kwa sababu hazisemi njia ikoje, zinasema imelalaje. Unaweza kuwa na pete mbili zinazolingana kila kitu, moja umeilaza mezani, nyingine umeiegemeza ukutani. Ukubwa ni uleule, umbo ni lilelile, lakini mtu anayetembea juu ya moja na anayetembea juu ya nyingine hawataona vitu sawa. Ukurasa ulisema pembe tatu zinatosha kueleza mlalo wowote unaoweza kuufikiria. Nikajiuliza, kwa nini tatu? Kwa nini mbili hazitoshi?

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ringi ya baiskeli ndogo ambayo kaka aliendesha alipokuwa shule ya msingi. Ilivutika ikawa kama yai siku aliyogongana na ng'ombe njia ya Nangara. Mpaka leo kaka anasema ng'ombe ndiye aliyemgonga. Nikaichukua. Nikachukua na beseni kubwa la mama la kufulia, nikalijaza maji, nikaizamisha ringi nusu, nusu ikabaki juu. Uso wa maji nikauita ikweta. Katikati nikatia limau kuwa dunia. Limau halikukubali kukaa katikati. Lilielea likasogea karibu na ncha moja ya lile yai, na nilipoangalia tena kwenye simu nikakuta ndivyo inavyotakiwa: dunia haikai katikati ya yai, inakaa karibu na ncha moja.

Pembe ya kwanza niliipata mara moja. Ringi ikilala sawa na maji, mwinamo ni sifuri. Ikisimama wima ni tisini. Ya kituo cha anga ni hamsini na moja na kitu, kwa hiyo nikainamisha zaidi kidogo ya nusu ya kusimama.

Kisha nikaona kwamba ringi inayakata maji mahali pawili tu. Nikamwazia sisimizi anayetembea juu yake. Mahali pamoja angeibuka kutoka majini, mahali pengine angezama. Pale pa kuibukia nikapaita mahali pa kupandia. Sasa nikaizungusha ringi yote huku nikishikilia mwinamo uleule, na mahali pa kupandia pakazunguka beseni kama mkono wa saa. Kumbe mwinamo peke yake hausemi kitu cha kutosha! Lazima useme pia mahali pa kupandia pameelekea wapi. Hiyo ni pembe ya pili.

Ya tatu ilinichukua muda. Nilikuwa nimeshika ringi, mwinamo sawa, mahali pa kupandia sawa, nikadhani nimemaliza. Halafu mkono ukateleza kwa maji, ringi ikazunguka ndani ya njia yake yenyewe kama tairi linavyozunguka. Ile ncha ya yai iliyo karibu na limau ilikuwa chini ya maji. Sasa ilikuwa juu. Mwinamo haukubadilika, mahali pa kupandia hapakubadilika, lakini njia haikuwa ileile. Nikapiga kelele peke yangu.

Mama akatokea na mwiko mkononi. "Unafua ringi?"

"Naeleza njia ya wale watu wa juu."

Akainama, akatazama limau, akatazama ringi. "Mbona wameinama hivyo? Hawamwagiki?"

Nikamweleza zile pembe tatu, na alinisikiliza mpaka mwisho, maana mama husikiliza hata akiwa ana haraka. Kisha akauliza, "Huko shuleni utasema hivi hivi, kwa sauti hii hii?"

Nikalirudisha limau katikati ya beseni.

"Haya," alisema. "Ukimaliza lisuuze beseni langu."

Palibaki kitu kimoja. Kuhesabu mahali pa kupandia pameelekea wapi, lazima uwe na mahali pa kuanzia, sifuri yako. Ukurasa ulisema inahesabiwa kutoka kwenye mwelekeo usiobadilika. Basi, sikusoma mbele. Kwa mtu aliyezaliwa Babati, ni kitu gani kisichobadilika kuliko Kwaraa? Nikachukua kibanio cha nguo cha rangi ya waridi, nikakibana kwenye ukingo wa beseni upande wa mlima. Sifuri yangu ikawa pale.

Jioni kadhaa nilizotoka kuangalia kulikuwa na mawingu. Halafu Jumatano anga likafunguka, na ile nuru ikaja tena, kutoka ziwani, ikapita juu upande wa Kwaraa, ikafifia kuelekea barabara ya Arusha. Njia ileile! Nikafanya hesabu yangu: kituo kinazunguka dunia kwa kama saa moja na nusu, maana yake mizunguko kumi na sita inamaliza siku kamili, na mlalo wa pete hauhami kutoka Kwaraa. Basi kesho, saa ileile, mahali palepale.

Nikafanya kosa la kumwambia mwenzangu wa dawati.

Kesho yake jioni hakuja peke yake. Alikuja na mdogo wake na wasichana wengine wawili wa darasa letu, mmoja amebeba karanga. Tukajipanga chini ya kamba ya nguo, nyuso zote zimeelekea Kwaraa. Nilikuwa nimewawekea hata beseni na ringi pembeni ili wakishaona niwaonyeshe.

Saa ikafika. Hakuna kitu.

"Labda wamelala," alisema mwenye karanga.

"Wameishiwa mafuta, wako sheli," mwingine akadakia.

"Bubu, ni hii?" mdogo wa mwenzangu aliuliza akionyesha taa ya pikipiki inayopanda mlimani.

Mbu walianza. Nyota za kawaida zikatoka moja moja, zikakaa zilipokaa. Nikasema wasubiri kidogo. Wakasubiri kidogo. Karanga zikaisha.

"Nabii wa Maisaka!" alisema yule wa karanga akijipangusa mikono. "Jumatatu ukimweleza mwalimu, mwambie na sisi tulikuwepo, tuliona."

"Tuliona pikipiki," mwingine akamalizia, wakaondoka wakicheka hadi njiani.

Mwenzangu alibaki nyuma. Yeye hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. "Jumatatu usiseme habari hii," aliniambia. "Eleza sumaku. Kila mtu anaijua sumaku. Ukikwama katikati nitakupa neno kutoka kwenye dawati."

Waliondoka, nikabaki na vyombo vya jioni. Niliosha masufuria pale nje kwa hasira mpaka sufuria moja likalia. Sitadanganya, nililia pia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeona wazi Jumatatu itakavyokuwa: mimi mbele, wao nyuma wakinong'ona "nabii", na baada ya hapo biashara. Nilikuwa nimefika kwenye sufuria la mwisho kaka alipoingia getini kutoka kazini.

"Wee! Nyota yako hiyo!"

"Wapi?"

"Nyuma yako!"

Nikageuka. Ilikuwa upande mwingine kabisa, upande wa Mbulu, inatembea mwendo wake uleule usio na haraka juu ya giza la milima, inaelekea kaskazini. Saa niliyoitabiri ilikuwa imepita kwa karibu saa nzima. Nilisimama na sufuria linalochuruzika kwenye miguu.

"Si ulisema Kwaraa?" kaka aliuliza.

"Nilisema Kwaraa."

"Basi wamepotea njia."

Ilipofifia, hasira yote ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na swali tu, na lilikuwa zuri kuliko yote niliyokuwa nayo: kama mlalo wa pete hauhami, kwa nini pete imehamia Mbulu?

Kesho yake, nilipotoka shule, nikaomba simu tena na safari hii nikasoma mbele. Mwelekeo usiobadilika haukuwa mlima. Haukuwa kitu chochote cha duniani. Ulikuwa mwelekeo kati ya nyota, kule jua linapoonekana likivuka ikweta kila mwezi wa tatu. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kwa nini wahangaike kwenda mbali hivyo, wakati milima ipo?

Nikarudi kwenye beseni. Kibanio cha waridi kilikuwa bado kwenye ukingo. Nikaishika ringi kwa mkono mmoja isitikisike hata kidogo, na kwa mkono mwingine nikalisukuma beseni. Beseni likazunguka. Limau likazunguka. Kibanio kikaondoka, kikaiacha ringi palepale.

Nilikaa chini kwenye udongo. Maisha yangu yote nimeipa Kwaraa uso nikiamini ni kitu pekee kinachonisubiri mahali pamoja, na kumbe inakimbia, mlima mzima na miti yake, na ziwa na viboko wake, na kijiji cha Nakwa, na mimi. Pete haiijui Kwaraa. Imening'inia kwenye nyota na sisi tunapita chini yake. Ile saa moja na nusu yangu pia haikuwa kamili. Ina dakika chache za ziada, na dakika chache zikirudiwa mara kumi na sita zinakaribia kuwa saa nzima. Katika muda huo Babati ilikuwa imeshasogea mashariki ikaiacha pete upande wa Mbulu. Wale wasichana hawakusubiri kitu kisichokuwepo. Waliondoka kabla kituo hakijafika.

Jumatatu mwenzangu wa dawati alipoona beseni mlangoni alishika kichwa. "Bubu, tulisema sumaku."

"Nisaidie kubeba."

"Wewe unatafuta kufa," alisema, lakini akabeba.

Waliotutangulia walieleza betri, kioo, jinsi jiko la mkaa linavyovuta hewa. Wengine walikuwa wazuri. Mvulana mmoja alinyamaza katikati, mwalimu akasubiri, akasubiri tena, kisha akamwambia kwa upole aende akakae, na sote tulijua maana yake. Wa baada yake nilikuwa mimi.

Tuliweka beseni juu ya meza, mwenzangu akajaza maji kwa ndoo ya usafi. Nikasimama. Kutoka nyuma nikasikia, chini kwa chini, "Nabii." Halafu kicheko cha puani. Masikio yakapata moto, na lile jambo langu la siku zote likatokea: kila kitu kikakimbia. Pembe zote tatu. Hata neno "dunia".

Mwalimu alivuta mikono ya sweta. "Beseni haliongei," alisema. "Wewe je?"

Niliwatazama wote, nikaona haiwezekani. Basi nikaacha kuwatazama. Nikatazama ringi. Nikamwita mwenzangu kwa mkono, nikampa aishike.

"Nishikie," nilisema. "Nusu iwe ndani ya maji. Usiisogeze hata ikikuuma."

Lilikuwa neno la kwanza kusema mbele ya darasa lile mwaka mzima, na nililisema kwa sababu ringi ilikuwa inateleza. La pili likafuata. Niliongea na ringi, na limau, na vidole vya mwenzangu. Nilieleza mwinamo. Nilieleza mahali pa kupandia, sisimizi akaibuka, akazama. Nilieleza ile pembe ya tatu, nikaizungusha ringi mikononi mwa mwenzangu, na mtu wa benchi la mbele akasema, "Aisee, kweli haiko sawa na mwanzo." Nilikuwa nimeanza kusikia sauti yangu yule msichana wa karanga aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kama anaijua njia hiyo vizuri, mbona Alhamisi alitusimamisha mpaka tukaliwa na mbu? Alisema itapita Kwaraa."

Darasa zima likalipuka. Mwalimu hakuwazuia. Alinitazama tu.

"Nilisema Kwaraa," nilijibu, "kwa sababu niliamini Kwaraa haisogei."

"Sasa inasogea?" mtu akapiga kelele. "Imehamia Singida?"

"Shika ringi vizuri," nilimwambia mwenzangu. Kisha nikawaambia wao, "Kwaraa ni hiki kibanio. Kitazameni." Nikalisukuma beseni taratibu. Kibanio kikapita mbele ya benchi la kwanza, kikaenda upande wa dirisha. Ringi ilibaki palepale. Kicheko kikapungua, kikafa vipande vipande, kwanza mbele, kisha nyuma. "Alhamisi nyie mlikuwa hapa, mmeipa Kwaraa uso. Pete ilikuwa nyuma yenu, upande wa Mbulu, na kituo kilipita huko mlipokwisha kuondoka. Hakikuchelewa. Nilikosea mimi, kwa sababu nilihesabu kutoka kwenye mlima unaosafiri. Inatakiwa uhesabu kutoka kwenye nyota."

Msichana wa karanga alitazama kibanio, akatazama dirisha. "Kwa hiyo tuliondoka mapema?"

"Karibu saa nzima."

"Na karanga zilikuwa zimeisha," alisema, na safari hii walimcheka yeye.

Mwalimu alikuja karibu, akainama juu ya beseni mpaka sweta likagusa maji. "Nina swali moja. Hiyo pete yenyewe, iliyoshikwa na mwenzako. Umesema imening'inia kwenye nyota. Haigeuki kabisa?"

Nilijisikia nimeshuka ngazi ambayo haipo. Sikuwa nimesoma hilo. Ningeweza kusema haigeuki, na ningelisema kwa ujasiri, labda ningepita. Nikafikiri.

"Sijui."

"Inageuka," alisema. "Kidogo kidogo kila siku."

Basi, niliwaza, ndiyo biashara hiyo. Lakini sikuweza kulifikiria hilo zaidi ya nusu ya pumzi, kwa sababu jambo alilolisema lilikuwa haliwezekani. Nani anaigeuza? Haigusi kitu.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu dunia siyo mpira safi kama ulivyofikiri. Kiunoni imenenepa. Ule unene unaivuta pete pembeni."

"Inakwenda upande gani?"

"Magharibi."

"Na mwinamo unabadilika?"

"Mwinamo unabaki karibu uleule. Mahali pa kupandia ndipo panapohama." Akanyooka, akakunja mikono. "Mwaka mzima hujaniuliza hata swali moja, na sasa umeniuliza matatu bila kuvuta pumzi. Wewe unaendelea na fizikia. Nenda kakae."

Nilipaswa nikakae. Wenzangu walikuwa wanapiga makofi, sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya kibanio. Lakini nilikuwa bado nalitazama lile beseni, na kulikuwa na kitu hakijakaa sawa.

"Mwalimu, kama mahali pa kupandia panahama kila siku, basi namba niliyoiona kwenye simu wiki ile siyo ya leo."

"Siyo ya leo. Ndiyo maana namba zile huandikwa pamoja na tarehe na saa yake, na zinapimwa upya kila mara."

"Na ile ncha ya karibu na dunia, nayo inahama?"

"Nayo inahama."

"Kwa kasi ileile, au kila moja na kasi yake?"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu, lakini mwenzangu wa dawati, ambaye alikuwa bado amesimama pale mbele akishikilia ringi, mikono imelowa hadi viwiko, alimwahi.

"Mwalimu, mwambie anyamaze," alisema. "Mkono unaniuma."